Kipande cha Keki Kilichonifungua

Ndugu zangu, sifa na utukufu zimrudie Bwana asubuhi hii! Nimesimama hapa kwa miguu miwili, na hata hii miguu ni ushuhuda.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Kendi, nilikuwa nawapikia chai hapa kanisani Githongo, na hakuna siku mlisema haina sukari! Nyumbani nikitoka kuchuma kahawa nilikunywa vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vitano, na mandazi juu yake. Nikipita kwa jirani nakunywa tena, kwa sababu huku kwetu ukikataa chai ya mtu umemkataa na yeye. Halafu mguu ukaingia kidonda, kikakataa kupona. Kliniki wakapima damu, wakaniambia nina ugonjwa wa sukari.

Muuguzi alinieleza vizuri: dawa kila siku, mboga kwa wingi, kutembea. "Na vitu vitamu, mama, ni kidogo, mara moja moja, baada ya chakula." Mimi hilo neno "kidogo" halikuniingia. Jumapili iliyofuata nilisimama hapa hapa nikaapa mbele yenu kwamba sitaonja kitu kitamu mpaka nife! Mlinipigia makofi, na mimi niliyapenda yale makofi kupita kiasi.

Sasa nisaidieni kushangaa. Kwa nini mtu akijifungia mlango, macho yote yanabaki mlangoni? Kabla ya kuapa sikuwahi kuota mandazi. Baada ya kuapa nilikuwa nayanusa kutoka ng'ambo ya mto! Nikaanza kuficha biskuti chini ya ndoo ya kahawa. Nakula katikati ya mistari ya miti, nimeinama, sikio liko njiani. Jumapili nawaimbia nimeshinda. Ndugu zangu, nilikuwa mwongo, tena mwongo mgonjwa.

Ikafika harusi ya Kendi, binti yangu wa pekee. Ijumaa mchana keki zikaletwa, zikawekwa kwenye stoo yangu: ile kubwa, na mbili ndogo za kupewa wazazi, zote za unga mmoja. Kendi alikataa kuniambia ni za ladha gani. Mnajua mimi ni mtu wa kuuliza. Je, ni vanila? Ni machungwa? Nikaingia kuangalia tu. Nikakata kona nijue. Nikakata nyingine. Niliposikia geti, nusu ya keki moja ya wazazi ilikuwa imeisha! Nikageuza upande uliokatwa ukaangalia ukuta.

Kisha kichwa kikazunguka, kiu ikanikausha ulimi, macho yakaingia ukungu. Nikaketi juu ya gunia la mahindi. Kendi akanikuta hapo, sukari nyeupe mdomoni.

Hakunigombeza. Aliuliza, "Mama, hii kitu umekuwa ukifanya tangu lini?" Nikamwambia yote, mpaka ndoo ya kahawa. Akalia. "Mimi nataka watoto wangu wakuje wakupate, Mama. Si picha yako kwa ukuta." Hayo maneno yalinikata kuliko kidonda.

Akanipeleka kliniki, yeye bibi harusi wa kesho yake! Nilitibiwa mpaka nikatulia. Yule muuguzi akarudia neno lake lile lile: kidogo. Nikamuuliza, kwani sikukatazwa kabisa? Akacheka. "Nani alikukataza? Ulijikataza mwenyewe."

Kesho yake, baada ya watu kula, keki ikakatwa. Mnajua desturi yetu: vipande vidogo kama kidole gumba, sahani zizunguke mpaka mgeni wa mwisho aonje. Kwanza wazazi wakaitwa walishwe na maharusi. Kanisa lote lilikumbuka kiapo changu. Lakini Mungu alinipa ujasiri, nikaomba kipaza sauti, nikawaambia kuhusu biskuti, kuhusu stoo, kuhusu ile keki iliyoangalia ukuta. Nilisema, "Nilitaka sifa zenu, nikamdanganya Mungu na nyinyi." Nilihisi mzigo unashuka mgongoni, kweli kabisa.

Kendi akanyoosha mkono na kile kipande kimoja. Nikakipokea mbele ya macho yenu yote, nikatafuna polepole, bila kuangalia njia.

Machungwa! Ndugu zangu, ilikuwa ya machungwa! Ijumaa nilikuwa nimemeza nusu keki na sikujua!

Nikajiuliza, mbona hiki kidogo kimenitosha? Bado nauliza. Ninachojua ni kwamba sahani ilipita tena, nikaipisha, na haikuniuma.

Namshukuru Mungu, namshukuru Kendi na yule muuguzi. Napima damu, mboga zangu ziko mezani kila siku, kidonda kilifunga, na nina mjukuu mgongoni. Chai ya leo nimepika mimi, sukari iko pembeni, kila mtu na kijiko chake. Lakini kama kuna mmoja hapa ana ndoo yake, ana stoo yake, asiogope. Mwite Yesu, tuambie na sisi. Halafu njoo uketi karibu na mimi, ule kidogo chako mchana kweupe, uniambie kina ladha gani.