Fyuzi Ndani ya Kikopo cha Ugoro

Benchi la Gidioni liko Benaco, kando ya lami iendayo Rusumo, limeegemea ukuta wa nyumba ya Emilian. Ni ubao mmoja wa mkaratusi juu ya tairi mbili za lori zilizofukiwa nusu, umebonyea katikati kwa makalio ya miaka mingi. Jumapili ile, misa ya kwanza ilipokwisha, mbele ya benchi palisimama kigari cheupe kimeachama boneti kama mgonjwa aliyeambiwa aseme aaa. Kilikuwa cha Zita, binti wa Emilian, aliyetoka Geita kumchukua baba yake akaishi naye moja kwa moja, maana mzee ana kisukari na nyumba nzima yuko peke yake. Mabegi yamekwisha kupakiwa. Godoro limefungwa kamba juu. Kuku wamegawiwa majirani. Kilichobaki ni gari kuwaka, na gari limekataa tangu alfajiri.

Leonidasi alikaa mwisho wa benchi. Walimwita Kavukavu, kwa sababu hajui kulainisha neno. Aliwahi kumwita mwenyekiti wa kijiji mwongo hadharani, mkutanoni, na kumwambia padri mbele ya kwaya kwamba mahubiri yamekuwa marefu kuliko mkesha. Leo ana neno kooni na halitoki. Alfajiri hiyo, akichungulia juu ya uzio wa minyaa unaotenganisha ua wake na wa Emilian, alimwona rafiki yake ameinua boneti ya gari la binti yake kwa mwanga wa simu. Emilian alichomoa kidude cha njano, kidogo kama ukucha, akakitia ndani ya kikopo chake cha ugoro, kisha akashusha boneti taratibu kama anayemfunika mtoto. Fyuzi ya pampu ya mafuta. Emilian aliendesha malori ya maji hapa hapa Benaco mwaka tisini na nne, enzi za kambi ya wakimbizi. Anajua pa kushika.

Leonidasi akisema, Emilian anaondoka. Asiposema, yeye na mwenyekiti wa kijiji lao moja.

— Piga tena, alisema Gidioni, mwuza kahawa, aliyekuwa katekista zamani na hajaacha kufundisha. Lakini polepole. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Zita akazungusha ufunguo. Starta ikalia nyee-nyee-nyee. Moto haukushika.

— Betri nzima hiyo, alisema Clever, fundi simu, kijana wa Kisukuma. Tatizo plagi.

— Plagi umezichomoa mara mbili, bwana, alisema Gidioni.

— Dalili ya mvua ni mawingu, mzee. Zimelowa.

— Zimelowa na nini? Mvua umeiona wapi tangu Juni?

— Basi tulisukume!

— Hili ni otomatiki, Zita alisema kutoka ndani. Haliwaki kwa kusukumwa.

— Umoja ni nguvu, mwanangu, alisema Gidioni akikunja mikono ya shati. Hata otomatiki inaogopa watu wengi.

Wakalisukuma hadi kwenye nguzo ya umeme, wakalirudisha. Godoro likalala upande. Emilian naye alisukuma, kwa mkono mmoja, kama anayegusa jeneza la mtu asiyemfahamu sana. Leonidasi alisukuma kwa hasira, mishipa ya shingo imemtoka, akiwaza: tunamtoa wenyewe, kwa mikono yetu.

Walirudi benchini wanahema. Gidioni akamimina kahawa.

— Sasa nisikilizeni, alisema Clever. Gari za siku hizi ni kompyuta. Simu ikijaa picha inagoma, si inagoma? Dada Zita, una picha nyingi?

— Kwenye simu, ndiyo.

— Basi zimevujia huko.

— Toka hapa! Gidioni akakung'uta kikombe. Mimi nawaambia ni nikeli. Ardhi yetu hii, kuanzia Kabanga, chini nikeli tupu. Inavuta chuma.

— Malori mbona hayavutwi?

— Lori ni zito, linabisha. Hiki kigari ni bati, kimenaswa. Akili ni nywele, Clever, na wewe umenyoa.

— Haya, basi si nikeli. Ni Rusumo! Clever alisimama kabisa. Ng'ambo ya daraja, Rwanda, wanapita kulia, sisi kushoto. Gari la Geita halijawahi kukaribia mpaka. Limewaona wenzake wanabadilisha upande, limechanganyikiwa. Sasa halijui liwake la wapi!

Hata Zita alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

— Kesho natakiwa kazini. Niliomba siku mbili tu, na nilizipata kwa kubembeleza. Baba mdogo Leonidasi, wewe hujasema kitu. Wewe ndiye nilikuwa nakusubiri.

Leonidasi akainamia kikombe.

— Sina.

— Leonidasi hana! Gidioni alilikumbatia birika. Jamani, tukatubu.

Emilian hakucheka. Alikuwa katikati ya benchi, kwenye lile bonde lake, amevaa koti la misa, kikopo cha ugoro kikizunguka vidoleni.

Hapo akatokea mama mmoja mwenye beseni la nanasi kichwani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Gari hili linaelekea Biharamulo? Nakwenda mbali, Nyamigogo.

— Likiwaka, mama, alisema Gidioni. Linampeleka mzee huyu Geita. Anahamia kwa binti yake.

Mama akashusha beseni. Akamtazama Emilian, akatazama godoro lililopinda.

— Na yeye mwenyewe anasemaje?

Gidioni akatazama ndani ya birika. Walikuwa wameuliza betri, wameuliza plagi, wameuliza nikeli iliyo chini ya ardhi.

— Baba? alisema Zita.

Emilian hakumgeukia binti yake.

— Leonidasi. Wewe ndiye mwenye mdomo. Nikae?

Ndipo Leonidasi alipofahamu kwamba Emilian naye alimwona alfajiri ile, na kwamba asubuhi nzima mwenzake alikuwa akimngoja. Hasira ikampanda, ikageuka kitu kingine.

— Mwezi wa tatu, wewe ulianguka kwenye migomba, alisema. Ukalala pale mpaka saa tano. Nilikukuta kwa sababu mbuzi wangu alipotea. Sikuwa nakutafuta wewe, nilikuwa namtafuta mbuzi. Tangu siku hiyo nakuchungulia kila asubuhi, Emilian. Na kila asubuhi, kabla sijainua shingo juu ya ile minyaa, naogopa.

Lori likapita, likatikisa vikombe.

— Nenda, alisema Leonidasi.

Emilian akamkabidhi kikopo. Chote, na ugoro wake. Leonidasi akatoa kile kidude cha njano, akakipuliza, akakipachika mahali pake. Zita aliona kilikotoka. Akaketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo.

Gari liliwaka mara moja. Hakuna aliyeshangilia.

Waliagana kwa kushikana mikono tu, muda mrefu, Emilian akitazama ubao wa benchi. Yule mama akapanda nyuma na nanasi zake. Kigari kikaingia lami, kikapanda mlima, godoro juu likionekana hadi mwisho.

Watatu wakakaa. Hakuna aliyesogea kwenye lile bonde la katikati. Gidioni akainamisha birika, likadondosha mashapo matupu.

— Kumbe ulijua tangu asubuhi, mzee, alisema Clever.

Leonidasi akatazama chini. Kikopo kilikuwa bado mkononi. Yeye na Emilian walikuwa wamekisahau. Hakuwahi kunusa ugoro maishani, alikuwa akimwambia Emilian usoni kuwa ni uchafu. Akakifungua. Akachota kidogo, akavuta. Akapiga chafya mbili za kutikisa ubao, na macho yakajaa, yakamwagika hadi kwenye ndevu.

Gidioni akatazama pembeni kwa adabu.

— Ugoro mkali huo, alisema.

— Mkali, Clever akaitikia. Unaliza hata ng'ombe.

— Si ugoro, alisema Leonidasi.