Tembe Kumi na Tatu Kwenye Fundo la Leso

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Naomba muitikie kwa nguvu, maana mwaka jana amina yenu hiyo nusura niikose kabisa.

Kwa wageni, mimi ni Mama Wambui. Wengi mmezoea kuniona hapa mbele nikiongoza akina mama. Siku za kazi niko Kingstanding, hapa hapa Birmingham, kwenye nyumba ya kutunza wazee, na asubuhi kazi yangu ni kuwagawia dawa. Si kugawa tu. Mzee akishameza, namwambia atoe ulimi nione, ndipo naweka sahihi. Kuna bibi mmoja pale, mjanja kweli, anaficha tembe kati ya shavu na ufizi, halafu anaitema kwenye kitambaa chake cha mkono. Nimemshika mara nyingi. Nilikuwa namkemea kwa upole, kisha narudi nyumbani kumcheka.

Sasa sikilizeni. Binti yetu alijifunza kupiga mbizi kwenye bwawa la kuogelea hapa mjini, na mitungi ya hewa mgongoni, na kwa miaka miwili wimbo wake ulikuwa mmoja: anataka kuona samaki wa kweli. Basi tukafunga safari sisi watatu, wiki moja Shimoni, pwani ya kusini kwetu Kenya. Baba Wambui ni mtu wa Limuru, kwenye baridi, na anaogopa mbu kuliko simba. Akatununulia sote tembe za kuzuia malaria kwenye duka la dawa kule Stratford Road, tembe moja kila asubuhi, kuanzia siku moja kabla ya safari mpaka wiki nzima baada ya kurudi. Mimi nilizaliwa Mbita, kando ya ziwa. Nilimcheka mpaka akanuna. Nikamwambia mbu wamenila tangu nikiwa kichanga, damu yangu wameizoea.

Ndugu zangu, nimekaa Uingereza miaka kumi na tisa. Ile kinga ya utotoni ilikwisha zamani, na mimi mshika dawa nilikuwa nalijua hilo vizuri. Nilijua, nikajifanya sijui.

Kule Shimoni mwalimu wa mbizi alikuwa kijana anaitwa Bakari. Siku ya kwanza alitupanga kama watoto wa shule. Msijipake mafuta ya mbu kabla ya kuingia majini, yanaoshwa bure na yanaumiza matumbawe. Mkitoka, vueni nguo za mpira, jiosheni chumvi, jikausheni, ndipo mjipake, na mvae mikono mirefu kabla jua halijazama. Maana mikoko iko pale pale, na jioni usubi wanatoka, vidudu vidogo huwaoni, unahisi tu moto kwenye vifundo vya miguu. Wakichoka usubi, wanapokea mbu. Wambui na baba yake wakafuata kila neno. Mimi nilikaa ufukweni mabega wazi, leso kiunoni.

"Mama, jifunike," Bakari akaniambia.

"Mwanangu, hawa ni watu wa kwetu."

Akatabasamu kwa adabu. "Sawa mama. Lakini mbu hawaangalii pasipoti."

Nikaona kijana ana maneno mengi.

Na zile tembe? Mbili za kwanza nilimeza, zikanivuruga tumbo kidogo. Ya tatu niliisukuma shavuni kama yule bibi wangu wa Kingstanding. Baba Wambui akinipa glasi ya maji, nakunywa maji, nasema asante mume wangu, nikigeuka naitema na kuifunga kwenye pembe ya leso, kama nyanya yangu alivyokuwa akifunga ugoro wake. Na kila asubuhi, huku nimefunga ya kwangu, namsimamia Wambui: "Meza. Toa ulimi nione." Mtoto ananitolea ulimi anacheka, ananijibu kwa Kiingereza kwamba yeye si mmoja wa wazee wangu. Hata tuliporudi Birmingham niliendelea vivyo hivyo mpaka tembe zikaisha. Nilikuwa nimeshauanza uongo, nikaona aibu kuukatiza.

Siku kumi baada ya kurudi, niko kazini na sinia la dawa, baridi ikanishika. Mwezi wa Julai, watu wamevaa vikaptula, mimi meno yanagongana. Nikasema ni mafua. Nikanywa vidonge vya maumivu, nikalala. Siku ya pili kichwa kinapasuka, viungo vyote vinauma. Akina mama mkaniombea kwa simu, Mungu awabariki. Mliomba niponywe mafua, na mimi nikawaitikia amina, ingawa moyoni nilishaanza kushuku ni nini. Siku ya tatu, saa tisa mchana, Baba Wambui akanikuta nazungumza na mama yangu, ambaye tulimzika zamani. Akanibeba mpaka garini, nimejifunga leso ileile kwa ajili ya baridi.

Hospitalini Baba Wambui ndiye aliyesema yote. Akaeleza safari, akaeleza mbizi, maana siku ya mwisho na mimi nilizama kidogo na Bakari. Yeye alishaamini ni ile hewa ya mitungi imenidhuru. Daktari, dada mmoja mpole, akauliza kama nilikunywa dawa za malaria.

"Zote, daktari," akajibu Baba Wambui. "Mimi mwenyewe nilikuwa nampa maji kila asubuhi."

Alisema kwa fahari, ndugu zangu. Fahari ya mtu aliyemtunza mke wake.

Daktari akaandika. Akasema basi wataanza na mambo ya mbizi, na damu nayo itachukuliwa ipimwe kwa zamu yake. Nikaona kalamu inatembea kwenye karatasi, inaandika uongo wangu. Wambui amekaa miguuni pangu, ameshika kidole changu cha mguu. Nikaona kabisa kwamba nitakufa na siri yangu, na mume wangu atabaki maisha yake yote akijiuliza kwa nini alituruhusu tupige mbizi. Nilitaka kusema, nikaona aibu. Hapo ndipo Bwana alipozungumza nami. Sikuona nuru wala malaika. Nilisikia tu moyoni maneno yangu mwenyewe ya kazini: toa ulimi nione.

Nikasema, "Sikumeza."

Nikamwambia Wambui afungue lile fundo. Tembe kumi na tatu zikamwagika kwenye shuka. Baba Wambui aliziangalia, akaniangalia, akageukia dirishani, nikaona mabega yake yanatikisika.

Daktari hakunigombeza. Aliagiza damu ipimwe pale pale, na baada ya muda mfupi akarudi na jibu. Malaria, na ilikuwa imefika pabaya. Akasema kama tungeendelea kusubiri, hata yeye hajui. Nilitundikiwa dawa jioni ile ile. Siku ya tatu nikaomba chai.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa mikono ya wale madaktari. Namshukuru kwa mume aliyenisamehe, ingawa ilimchukua muda, na alikuwa na haki ya kuchukua muda. Lakini zaidi namshukuru kwa kunifungua kinywa. Inawezekana hapa pana mtu ana fundo lake kwenye leso. Tunakuombea mafua, kumbe ugonjwa unaujua mwenyewe. Mwamini Bwana ulifungue. Hakuniaibisha mimi, hatakuaibisha wewe.

Kesho tunaenda tena Shimoni. Leo asubuhi, kabla ya ibada, Wambui ameniletea tembe ya kwanza na glasi ya maji. Mnamjua huyu mtoto, Kiswahili anakisikia ila hakizungumzi. Nimemeza. Hakuondoka. Amesimama mbele yangu, mkono kiunoni, akaniambia kwa Kiswahili, polepole, neno moja moja:

"Mama. Toa ulimi nione."

Nikautoa, ndugu zangu, huku nalia.