Loretta Zerbe Anakabidhi Pampu, Pamoja na Bata Wake

Tarehe 31 Desemba 2024, Loretta Zerbe anastaafu udereva na usimamizi wa pampu katika Kikosi cha Zimamoto cha Kujitolea cha Ruppsburg, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Angeweza kuondoka miaka sita iliyopita, na goti lake la kulia lilikuwa limeshatoa ombi hilo mapema zaidi. Alikataa kwa sababu moja, aliyoirudia katika kila mkutano wa mwaka mpaka tukaijua kwa moyo: hataondoka mpaka mjini awepo mtu mwingine anayeweza kusimama kwenye pampu, mchana wa siku ya kazi, wenzake wakiwa ndani ya nyumba inayoungua.

Sasa mtu huyo yupo. Ilichukua muda kumpata, na njia ilipitia kwenye mchezo wa watoto.

Loretta hakuja kwetu kuzima moto. Alikuja Februari 1986 kukaanga maandazi ya viazi. Jumanne ile ya kabla ya Kwaresima, kama kila mwaka, akina mama walikuwa wamejaa jikoni kwenye jengo la kikosi tangu alfajiri, na foleni ya wanunuzi ilifika mpaka ofisi ya posta. Adhuhuri king'ora kikalia juu ya paa. Moto wa bomba la moshi, Barabara ya Kiwanda cha Matofali. Wanaume waliokuwa karibu walifika wawili, na kati yao hakuna aliyekuwa na leseni ya gari kubwa. Loretta alikuwa anaendesha basi la shule. Alivua aproni, akapanda, akawasha gari.

Moto ulizimwa. Jioni Chifu wa wakati huo, Elwood Haupt, ambaye sasa ni marehemu, alirudi kutoka kazini akakuta usukani wake umegandwa na unga.

"Nani kaendesha gari langu?" aliuliza jikoni.

"Mimi, Chifu," alijibu Loretta bila kugeuka kutoka kwenye karai. "Na klachi yako imechoka. Chukua andazi."

Haupt alichukua matatu. Mwezi uliofuata jina la Loretta lilipigiwa kura, akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa kwenye orodha ya madereva. Waliopinga walikuwa wanne. Mmoja wao, ambaye yupo ukumbini usiku huu tunapomuaga Loretta na ameomba asitajwe, baadaye alitolewa na Loretta kwenye mtaro yeye na trekta lake.

Kazi ya mtu wa pampu haionekani kwenye picha. Wengine wanaingia ndani na kutoka wamejaa masizi; yeye anasimama ubavuni mwa gari, mbele ya safu za vishikio na geji za kupimia nguvu ya maji, akihakikisha maji hayakatiki. Nje ya mji hatuna mabomba ya maji barabarani. Tunatandika beseni kubwa la turubai chini, boza linamwaga maji humo na kukimbilia kijitoni kuchukua mengine, na pampu inafyonza kutoka kwenye beseni kupitia bomba lenye chujio mwishoni. Mtu aliye ndani na mpira wa maji mkononi haoni lolote kati ya hayo. Anamwamini aliye nje.

Loretta alikuwa na tabia moja iliyochekwa kaunti nzima. Akishapata maji ya beseni, kitu cha kwanza alichofanya ni kujaza tena tangi la gari lake mwenyewe mpaka pomoni. Madereva wa vikosi jirani walimwita Ngamia. Kwenye mazoezi ya pamoja walimngojea: "Ngamia keshakunywa? Tuendelee?" Naye aliwajibu kwamba ngamia hajawahi kuomba maji kwa jirani.

Mwaka 2018 alikuwa ameshatangaza kwamba tamasha letu la Julai lingekuwa lake la mwisho. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Kuku walikuwa juu ya mkaa, bendi ya shule ilikuwa inajitahidi, na hema la bingo lilikuwa limejaa. Curtis Moyer, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na saba na miaka mitatu kikosini, alipewa mchezo wa bata: bata wa plastiki wanaelea majini, mtoto anamwokota mmoja, anaangalia namba chini ya tumbo, anapata zawadi. Na kwa kuwa beseni la kuchezea lilikuwa limepasuka, mtu mmoja alisema watumie beseni la turubai la kikosi. Hakuna aliyekataa. Kila mmoja wetu aliona ni wazo zuri.

Saa tisa alasiri king'ora kikalia. Nyumba ya Bi Mabel Eckert, maili nne nje ya mji, moshi ulikuwa unatoka jikoni, na jirani alisema gari la Bi Eckert lipo uani. Curtis alipindua beseni, maji yakamwagika, akalikunja haraka na kulitupia kwenye boza. Bata waliobaki kwenye mikunjo wakasafiri nalo.

Kule, beseni lilipotandikwa na boza kumwaga maji, bata kama kumi hivi waliibuka na kuanza kuogelea. Karibu kila mtu aliwaona. Mwenzetu Dale Fetterolf, akiwa anavaa mtungi wake wa hewa ili aingie ndani, alisema, "Loretta, wateja wako wamefika." Watu walicheka. Kisha Dale na Chifu wetu Harlan Wertz wakapanda ghorofani na mpira wa maji kumtafuta Bi Eckert. Hakuna aliyewatoa bata.

Ambacho hatukukijua ni kwamba wale walioelea walikuwa wazima. Bata wa aina ile wana tundu dogo chini, na wale ambao vizibo vyao vilikuwa vimetoka walijaa maji wakazama. Bomba lilipoanza kufyonza, mmoja baada ya mwingine walikwenda kujibandika kwenye chujio.

Dale anasimulia kwamba walikuwa wamefika mlango wa chumba cha pili, moto ukipanda ngazi nyuma yao, mpira ulipolegea mikononi mwake kama tambi. "Nilimtazama Harlan," anasema, "na Harlan alikuwa anautazama mpira."

Nje, Loretta alisikia pampu ikipandisha sauti. Hakusubiri geji. Alifungua tangi la gari, lile tangi la Ngamia lililokuwa limejaa pomoni, na maji yakarudi kwenye mpira. Akavuta honi mara tatu ndefu, ishara ya watu kutoka. Tangi lile haliwezi kulisha mpira kwa zaidi ya dakika chache, na kila mtu uwanjani alilijua hilo. Kisha akapaza sauti, ile ya kwenye basi la shule: "Curtis! Ingia humo! Toa wanyama wako!"

Curtis aliruka ndani ya beseni na koti lake zito, akapiga magoti maji yakiwa yamemfika kifuani, akaanza kuwang'oa bata kwa mikono na kuwarusha nyuma bila kuangalia. Mmoja alimpata msaidizi wa chifu shavuni. Chujio lilipumua, na maji ya beseni yakaanza kupita tena tangi likiwa karibu kukauka. Wakati huohuo Harlan na Dale walitokea mlangoni, wakiwa wameteremka ngazi wakijifungulia njia kwa maji. Hawakuwa na Bi Eckert.

Bi Eckert alikuwa kwenye hema letu la bingo. Alikuwa amepewa lifti na dada yake, na king'ora kilipolia alikataa kuinuka kwa sababu alibakiza namba moja tu ashinde.

Nyumba ilipoteza jiko na ngazi. Iliyobaki ilisimama, na Bi Eckert angali anaishi humo. Tamasha lilimalizika. Kesho yake Curtis aliweka peja yake, kile kifaa cha kumwitia motoni, na helmeti mezani kwa Chifu na kuondoka. Wiki hiyohiyo Loretta alifuta mipango yake ya kustaafu.

Siku chache baadaye alimfuata Curtis kwenye kinu cha chakula cha mifugo anakofanya kazi. Wafanyakazi wenzake walikuwa wanakula chakula cha mchana, kwa hiyo mazungumzo yana mashahidi.

"Umesahau peja yako," alisema Loretta, akaiweka juu ya gunia.

"Sikuisahau, Bi Zerbe. Nilikaribia kuua watu wawili."

"Sawa. Na ni nani mwingine aliyewaona wale bata?"

"Watu wote."

"Mimi niliwaona. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale nikacheka na Dale. Sasa nani aache? Tukiacha wote, Bi Eckert ataungua kweli safari ijayo."

"Mtafute mtu mwingine."

"Nimtafute wapi? Hawa?" Aliwaonyesha waliokuwa wanakula. "Huyu hawezi hata kurudisha trela kinyumenyume." Waliokuwa wanakula wanakiri kwamba ni kweli. "Curtis, katika mji huu ni wewe tu ambaye hutaacha kuangalia beseni mpaka unaingia kaburini. Ninakuhitaji kwenye pampu."

Curtis alirudi kikosini, lakini kwenye pampu alikataa katakata. Kwa miaka miwili alibeba mipira, aliosha magari, alikaanga maandazi, na kila Loretta alipomwita ubavuni mwa gari alikumbuka kazi nyingine. Loretta hakumbembeleza. Alimchukua bata mmoja wa manjano kati ya wale wa chujioni, akamfunga kwa waya juu ya geji, na akangoja. Wageni walipouliza bata yule ni wa nini, aliwajibu kwamba ni mkaguzi.

Msimu mmoja wa kuchipua Curtis alikuja mwenyewe na kusimama mbele ya bata. Loretta alimpa kitambaa afute vishikio. Ndivyo mafunzo yalivyoanza, kila Jumanne, kando ya kijito cha nyuma ya kanisa la Kilutheri, hata mvua ikinyesha. Alimfundisha kuweka kiganja kwenye bomba la kufyonza na macho kwenye beseni. Alipomkuta akikodolea geji, alimgonga begani: "Hiyo itakwambia umeshachelewa." Curtis alipata cheti chake cha pampu, na mwenye kinu, baada ya kutembelewa na Loretta mara mbili, alikubali kumruhusu atoke kazini kila king'ora kinapolia mchana.

Bado Loretta hakuondoka. Alisema cheti ni karatasi.

Aprili mwaka huu, siku ya Jumatano mchana, nyumba ya familia ya Brubaker ilishika moto, na mtoto mmoja hakuonekana. Harlan, ambaye nywele zake zimekuwa nyeupe tangu ile Julai, aliingia tena, safari hii na binti wa Dale. Curtis alikuwa kwenye pampu. Loretta alifika na basi tupu la shule, akasimama hatua chache nyuma yake, mikono mifukoni. Tuliomjua tuliona alikuwa amekunja ngumi humo ndani.

Curtis alizunguka beseni zima kabla ya kutumbukiza chujio. Kisha akajaza tangi la gari lake mpaka pomoni. Boza lilikwama nyuma ya trekta la shamba na likachelewa. Maji ya beseni yakashuka mpaka kwenye tope. Curtis alihamia kwenye tangi kabla pampu haijabadilisha sauti, na waliokuwa ndani hawakujua kwamba kulikuwa na tatizo lolote. Mtoto walimkuta chini ya kitanda, wakatoka naye akiwa analia kwa nguvu, jambo ambalo lilimfurahisha kila mtu.

Loretta alimwendea Curtis wakati wa kukunja mipira. Wengi walitarajia hotuba. Alimwambia, "Koti lako umelifunga vibaya," akarudi kwenye basi. Jioni ile alimjulisha Chifu kwamba Desemba anaondoka.

Mumewe, Stan, ambaye kwa miaka thelathini na minane amekula chakula kilichopoa na kukaa peke yake kanisani nusu ya ibada, anasema hajui atafanya nini na mke anayemaliza kikombe cha kahawa. Yuko tayari kujifunza.

Gari jipya la pampu lilifika Oktoba. Kama ilivyo desturi yetu tangu enzi za magari ya kukokotwa na farasi, gari jipya haliingii ndani kwa injini yake. Linasukumwa na watu kwa mikono. Anayekaa kwenye usukani siku hiyo ni dereva mkuu, na tulimwekea Loretta ngazi kwa ajili ya lile goti. Aliitazama, akamfungua yule bata kutoka gari la zamani, akamfunga kwenye gari jipya juu ya geji, akampa Curtis ufunguo. Kisha akaenda nyuma kusukuma pamoja nasi, bega lake kati ya bega la Harlan na la Dale.

Gari lilianza kusogea. Curtis, akihofia nguzo ya mlango, alijiinua nusu na kuchungulia dirishani kutazama nyuma. Ikumbukwe kwamba alipanda basi la Loretta tangu darasa la kwanza hadi alipomaliza shule, na kuna sentensi moja aliyoisikia kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili.

"Curtis! Kaa kwenye kiti chako!"

Alikaa. Gari likaingia.

Loretta, Ruppsburg inakushukuru kwa kila aliyetoka mlangoni kwa miguu yake mwenyewe. Nenda ukale chakula kikiwa cha moto. King'ora kikilia, kaa kwenye kiti chako, maji yapo. Tunakutakia wewe na Stan siku nyingi, njema na tulivu.