Chai ya Rangi ya Kila Alhamisi

Mgeni rasmi, Mzee wetu Dukicha. Wazee, walimu, akina mama na wanafunzi mliofika: Asalaam aleikum, na kwa wenzetu wa Ngao, Bwana asifiwe.

MAKARIBISHO
Karibu, Mzee. Keti polepole, kiti hicho mguu wake mmoja una maneno. Watu wametuuliza kwa nini hatukualika bwana mkubwa wa wilaya kutoka Hola, tukamwita mfugaji wa hapa hapa Garsen, tena aliyetangaza mnadani kwamba wanawake watano wakikaa pamoja ni umbeya mtupu. Tuvumilieni, sababu inakuja.

HISTORIA YETU
Mwishoni mwa 1992 binti yetu Halima alifaulu darasa la nane, akakosa karo. Gumato, mkeo, ambaye kila asubuhi hubeba maziwa hadi sokoni, alituita akasema, "Jamani, mtoto huyu atazeeka akichunga mbuzi, nasi tunatazama?" Tukaafikiana: maziwa ya kila Alhamisi ni ya shule. Wenzetu Wapokomo, wasio na ng'ombe, wakaleta mikeka na ndizi.

MAFANIKIO
Wasichana saba wameingia sekondari. Halima sasa anasomea uuguzi. Mafuriko ya mwaka juzi yalipofunga barabara, Gumato alivuka kwa mtumbwi, akafika amelowa chepechepe, maziwa salama salimini.

Sasa ile sababu. Mzee, ile chai ya rangi uliyokunywa kila Alhamisi kwa miaka sita, ukiambiwa ndama amenyonya yote: ndama hao ni sisi. Ulihangaika weye, mpaka ukamwita sheikh amsomee dua yule ng'ombe mwekundu. Ng'ombe mzima kabisa! Usimkasirikie mama watoto; mila yenu yasema ng'ombe ni wa baba, maziwa ni ya mama. Lakini katika wafadhili wetu wote, hakuna aliyetoa kukushinda. Ndiyo maana kiti hicho ni chako leo. Makofi, tafadhali!

CHANGAMOTO
Ni moja tu. Kadra, binti yako wewe mfadhili wetu, ameongoza darasa zima. Barua ya shule anayo, sare imeshonwa, Jumatatu anatakiwa kuripoti. Lakini tumesikia kuna mzee mwenzako amekuja kwako mara mbili, na mahari inazungumzwa.

Gumato hakututuma. Jana tulipomsomea risala hii, tulipofika hapa aliinamisha kichwa. "Ondoeni hayo," akasema. "Ya nyumbani kwangu nitayabeba mwenyewe." Kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akidai ni moshi, na moto hatujawasha. Hatukuondoa, Mzee. Miaka sita ameamka alfajiri kwa ajili ya watoto wa wenzake, na inatuuma sana kumwona akimlilia wake.

OMBI
Hatuombi harambee wala mabati. Tunaomba neno moja, ulitamke hapa mbele ya watu: "Aende." Kadra ameketi pale nyuma juu ya sanduku lake la shule. Amelifunga mwenyewe, hajui kama litasafiri.

Mola akuzidishie mifugo na umri, akupe wajukuu watakaokusomea barua zako kwa sauti. Leo ni Alhamisi, lakini chai yako tumeitia maziwa, na sukari juu. Tutaimimina ukishasema.

Ni sisi ndama wako,
Kikundi cha Akina Mama wa Maziwa na Mikeka, Garsen, Januari 1999.
Imesomwa na Elsie, katibu.