Mfalme wa Meli Tatu

Benchi la mkahawa wa Kiriakula, hapa kisiwani Simi, lina wenyewe: Tsambiko tunayemwita Redio, Lefteri tunayemwita Kapteni ingawa hajawahi kuongoza hata mtumbwi, mimi, na mzee Panormiti, mzamiaji wa sifongo wa zamani. Asubuhi hiyo Panormiti alikuwa kanuna. Jumapili mjukuu wake anabatizwa, na kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Lakini mwanawe kamwambia mtoto ataitwa Nireo, jina la mfalme wetu wa kale aliyekwenda vitani Troya. Iliniuma kumwona vile.

— Nireo! Redio akaanza. Wenzake walikwenda na meli arobaini, yeye tatu. Mfalme gani huyo?

— Tatu zinamtosha mtu mwenye sura, Kapteni akajibu. Jeshi zima aliyemzidi kwa uzuri ni shujaa Akile peke yake.

— Uzuri unapigana? Si aliuawa?

— Kwa kijicho! Mkuki ulitoka kwa wenzake.

— Ulikuwepo?

— Na wengine wanasema hakufa. Alivisha maiti nyingine nguo zake, akarudi hapa kimyakimya, akafungua duka la samaki. Hii pua yangu unadhani nimeitoa wapi?

— Hiyo umeitoa kwa punda wa Kiriakula.

Tukacheka. Panormiti hakucheka.

— Chekeni tu, akasema. Baba yangu aliitwa Mihali, nami mwanangu nikamwita Mihali. Nikajua sasa ni zamu yangu. Kumbe nimerukwa.

Hatukumwona Arghiro, mkwewe kutoka Athene, aliyesimama nyuma yetu na mtoto begani. Alikuja kumwita mzee nyumbani.

— Samahani wazee, akasema. Huyo Nireo, babu yake aliitwa nani?

Kapteni akachungulia machicha ya kahawa.

— Baba yake ni Haropo, nikajitutumua.

— Nimeuliza babu.

Hakuna aliyejua.

Arghiro akamhamishia mtoto bega la pili, akamtazama mkwewe.

— Basi huyu wetu atabeba jina la babu yake. Baba, ulipokuwa mdogo, mama yako alikuwa akikuitaje kwa kifupi? Panormiti ni refu mno kwa mtu asiye na meno.

Mzee akanyoosha mikono apewe mtoto.