Daftari la Fusae na Swali Lililobaki

Aliyemweleza marehemu Fusae Karasawa habari za kipimo cha choo kwa mara ya kwanza alikuwa Bi. Tomoe Yazawa, nesi wa kijiji, mwezi wa Aprili 1989, zamu ya Fusae ya kuwa mama wa afya, mwenye kujitolea kuwahimiza majirani wapimwe, katika mtaa wetu ilipofika, naye, badala ya kuuliza kazi yenyewe ikoje, aliuliza kwa nini mtu asiyeumwa popote akubali kupimwa saratani ya utumbo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Kuribara, mkoa wa Nagano, mtoto wa tatu wa wakulima wa tufaha, akasoma papa hapa hadi mwaka 1966, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha saa mjini Suwa, hadi alipofunga ndoa na Bw. Isao Karasawa tarehe 3 Novemba 1974, wakajaliwa watoto wawili, Takuya mwaka 1976 na Shiho mwaka 1979.

Zamu ya mama wa afya ni miaka miwili, lakini yeye aliomba aachiwe aendelee nayo, akaifanya miaka ishirini na minane, kila Oktoba akipita nyumba kwa nyumba kugawa vichupa vya kutilia choo na kuvikusanya, na kila aliyerudisha alimwuliza sababu yake, akaiandika daftarini. Mzee wa duka la tofu alisema, "Mama Takuya, nimepima ili usinigongee tena," na fundi wa paa akasema, "Mke wangu kakifunga kichupa kwenye chupa yangu ya pombe ya sake, ningefanyaje?" Aliyesema anaogopa kufa alikuwa mmoja tu, jambo lililomshangaza marehemu hadi uzeeni.

Mumewe alikataa miaka sita. "We Fusae, beba choo cha kijiji kizima, changu niachie mwenyewe." Oktoba 1995 akarudisha kichupa kimya kimya, marehemu akafurahi, mpaka alipofungua mtungi wa miso, rojo ya kahawia ya soya, apike supu ya jioni, akakuta kitundu chembamba cha kijiti cha kichupa, akakinusa kile kichupa, akajua ndani kuna miso, si choo. Wiki hiyohiyo Bw. Isao alileta choo cha kweli, damu ikaonekana, akapasuliwa tarehe 14 Desemba, uvimbe ukatolewa ungali mdogo, na leo ameketi hapa mbele. Kila alipoulizwa kilichomgeuza, alisema chai imepoa, na daftarini, mbele ya jina lake, pakabaki peupe.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2021, akalazwa mara mbili, akafariki nyumbani tarehe 6 Februari 2024, akiwa na miaka 72. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, na akina mama wa afya wenzake.

Juzi, tulipokwisha kumvisha marehemu, Bw. Isao alimwomba mkwewe, mke wa Takuya, daftari na kalamu, akapajaza pale peupe. Pumzika kwa amani, mama, na jibu ulilolingoja ni hili: kwamba jioni ile alikuona ukikinusa kichupa, akajiandaa kwa ugomvi, maneno yote anayo mdomoni, lakini kesho yake asubuhi ulimpikia supu kwa miso ya mtungi uleule, ukaweka kando ya bakuli kichupa kipya chenye jina lake, ukaenda kuanika nguo, na kwa mara ya kwanza tangu akuoe, hukuuliza kwa nini.