Dominic Mwandawiro, Aliyehesabiwa Mara Mbili

Padri, wazee, majirani wa Bura na nyinyi mliopanda kutoka Voi, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Ukoo umeniambia niseme mimi Wakio, dada yake marehemu, kwa sababu waliomwona akizaliwa wameisha, nimebaki mimi.

Dominic alizaliwa hapa Bura mwaka 1906, akasoma shule ya misheni hadi darasa la tatu, akaenda mashamba ya mkonge mwaka 1924, akarudi mikono imechanika, na mwaka 1929 akaandikwa reli pale Voi, akapanda hadi kuwa msimamizi wa genge, akastaafu mwaka 1955. Tarehe 4 Juni 1932 alimuoa Jerusha, huyu mnayemwona amekaa hapa, wakajaliwa Edith na Noah.

Mwaka huu wa 1958 watu walimwomba agombee udiwani ili alete zahanati huku juu, akasimama dhidi ya Elijah, mtoto wa baba yetu mdogo, mwenye duka Kaloleni, na kura zilipohesabiwa Jumanne tarehe 12 Agosti Dominic akapata 214, Elijah 211. Elijah akacheka, akasema, "Kaka, tatu si ushindi, tatu ni mafiga," akaomba zihesabiwe upya, na hapo sina lawama, kura zikikaribiana hivyo sheria inamruhusu.

Jumamosi yake nilikuwamo chumba cha kuhesabia kura, nimebeba kibuyu cha pombe ya miwa, maana wazee walitaka ndugu hawa watase kwanza, na Padri atanisamehe nikiitaja, kila Mdawida, yaani kila Mtaita, anajua kutasa ni kupiga funda, kulitema kama manyunyu na kutamka kuwa moyoni hakuna hasira, na asiyetema ameitunza, nayo hula watu wa nyumba ya yule anayekasirikiwa. Karani Musyimi akaeleza sheria zake, kwamba kila karatasi itageuzwa mbele ya wagombea wote wawili, nyuma uonekane muhuri wa wino, yenye shaka iwekwe kando, na msimamizi wa uchaguzi peke yake aamue. Elijah akauliza, "Na muhuri usiposomeka?" akaambiwa hiyo si kura, akauliza tena, taratibu, kama mtu anayenunua kitambaa.

Alivuta muda mpaka karatasi zikamwagwa mezani, za Dominic zikapangwa mbele yake migongo juu, ndipo akasema, "Kaka, tasa basi, au una neno?" Mzee Obadiah akasema tutoke nje kwanza, Elijah akamjibu, "Mzee, hasira ziko humu, huko nje tutawatemea mbuzi?" watu wakacheka, na Dominic, ambaye angekataa angeonekana ana sumu moyoni, akapiga funda, akageuza uso kando, lakini manyunyu yalifika, wino ukatiririka, kura nne zikatupwa ingawa alama za wapigaji zilikuwa wazi upande wa pili, ikawa 210 kwa 211.

Kisha Elijah akapokea kibuyu, akajaza mdomo, akamtazama kaka yake, akameza. Nililiona koo lake likishuka. Akapangusa midomo, akasema, "Imekwisha, karani, andika."

Tulimwambia Dominic aende mahakamani, akanijibu, "Dada, nikidai, watasema hasira ilikuwa yangu." Mwezi wa Septemba chakula kikaanza kumrudi, daktari akampima tumbo na kifua, akampa dawa, akakonda mpaka pete ikaanguka, na Alhamisi tarehe 6 Novemba alfajiri akafariki mikononi mwa Jerusha. Tangu juzi Noah naye chakula hakikai tumboni.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wake, majirani waliochimba kaburi kwenye mawe haya, na wenzake wa reli waliomleta Edith kutoka Mombasa. Tunamshukuru pia Diwani Elijah aliyetoa mbao za jeneza, naye amepangwa kusema baada yangu. Elijah ndugu yangu, Noah ndiye yule pale mbele yako, amefunikwa blanketi, na udongo haujarudishwa, ukiufungua mdomo uitoe hasira uliyoimeza siku ile tutasikia sote, na usipoufungua tutakuwa tumeona.

Pumzika kwa amani, mwana wa mama, sisi tutakaa hapa tumngoje Elijah.